Bafu moja kwa nyumba nzima: tathmini ya huduma ya kusanifu upya bafu la rika zote

Huduma ninayoitathmini hapa ni ya kusanifu upya na kujenga bafu la nyumbani ili litumiwe na kila mtu wa familia, kuanzia mtoto anayejifunza kwenda chooni peke yake hadi bibi mwenye magoti mabovu na uoni hafifu, pamoja na ndugu yetu anayetumia kiti cha magurudumu. Kazi yenyewe naipa alama za juu, ingawa sababu zangu huenda zisiwe zile ambazo mtu angezitarajia akiingia mle ndani na kuangaza macho. Vyuma vya kushikilia vinavyong'aa, kiti cha kukunjwa ukutani na bomba la mvua lenye mpira mrefu ni vitu ambavyo mtu yeyote anaweza kununua na kumpa fundi avifunge. Ubora wa bafu hili umo katika sehemu ambazo hakuna mgeni atakayeziona: mteremko wa sakafu, utando wa kuzuia maji ulio chini ya vigae, na mbao zilizofichwa nyuma ya ukuta. Ndiyo maana nitakaa zaidi kwenye hayo, na mengine nitayapitia kwa haraka.

Fikra inayoongoza huduma ya namna hii si mpya. Ronald Mace, msanifu majengo wa Marekani aliyeugua polio utotoni na kuishi akitumia kiti cha magurudumu, alitetea kwa miaka mingi wazo la kusanifu majengo na vyombo ambavyo watu wote wanaweza kuvitumia bila kutengewa kona yao maalumu. Mwaka 1997, kundi la wataalamu aliloliongoza katika Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina lilitoa kanuni saba za usanifu huo, na kati yake tatu nimezitumia kama kipimo changu: kifaa kitumike kwa nguvu kidogo za mwili, nafasi itoshe mtu kukikaribia na kukitumia akiwa amesimama au ameketi, na mtu akikosea hatua asiumie. Bafu linaloshindwa katika hilo la tatu sioni kama lina haki ya kuitwa bafu la watu wote, hata likiwa pana kiasi gani.

Kabla ya kuchora chochote, mafundi walifanya ukaguzi, na hapo ndipo nilipoanza kuwaamini. Hawakutuletea orodha ya vipimo vya kitabuni wakaviweka ukutani. Walimketisha bibi kwenye kiti cha kawaida, wakampa rula ndefu ya mbao kama chuma cha kushikilia, wakawa wanaipandisha na kuishusha huku wakitazama kiwiko chake. Fundi mkuu alimuuliza, "Bibi, hapa mkono wako unafika?" Naye akajibu, "Unafika, mwanangu, lakini nikitaka kujiinua hapa hapanipi nguvu. Kishushe kidogo." Wakakishusha, akainuka, wakatia alama ya penseli. Viwango vya Marekani vya mwaka 2010 kuhusu majengo yanayofikiwa na watu wenye ulemavu vinataka vyuma vya namna hiyo viwe kati ya sentimita 84 na 91.5 kutoka sakafuni, na alama ya bibi iliangukia ndani ya masafa hayo, karibu na mpaka wa chini. Vipimo vya kitaifa na vya kimataifa vina faida kubwa kwa majengo ya umma, ambako anayeingia hajulikani. Nyumbani wanaoingia wanajulikana, na ni jambo la busara kuanza na miili yao, kisha kutumia viwango kuhakikisha kwamba atakayekuja kesho naye hakusahaulika.

Hata hivyo, katika ukaguzi huo huo kulikuwa na kasoro iliyoniudhi. Maswali yaliyomhusu ndugu yetu waliyaelekeza kwetu sisi tuliosimama, ilhali yeye ameketi pale pale akisikia kila neno. Je, anahamia chooni kwa upande gani? Je, anaweza kunyanyua mikono juu ya mabega? Yeye ndiye mwenye jibu, na ndiye aliyekuja kuwaeleza, baada ya kuvumilia kwa muda, kwamba huhamia kwa upande wa kushoto na kwamba mchoro wao wa awali ulikuwa umeweka choo upande usiomfaa. Kama angenyamaza, tungejengewa bafu zuri lisilotumika. Kampuni inayouza huduma kwa watu wenye ulemavu inapaswa kujua kuzungumza nao kwanza, na hili naliandika kwa uzito kwa sababu ni kosa linalogharimu kuliko kigae kilichokatwa vibaya.

Sasa niingie kwenye sakafu. Bafu la kuogea la zamani lilikuwa na kizingiti cha kuzuia maji, kile ambacho mtu mzima mwenye afya hukiruka bila kukifikiria. Kwa bibi kizingiti hicho kilikuwa hatari ya kila siku, na kwa kiti cha magurudumu kilikuwa ukuta. Kukiondoa kunaonekana rahisi hadi pale unapojiuliza maji yatakwenda wapi. Jibu sahihi ni mteremko, nao hauna nafasi kubwa ya kukosea: kama sentimita 2 kwa kila mita. Ukiwa mdogo kuliko huo, maji hutuama na sabuni huganda. Ukizidi sana, kiti cha magurudumu huanza kujivuta chenyewe kuelekea tundu la maji, na mtu anayetembea kwa fremu huhisi mwili wake ukiinamia upande mmoja. Ili kuupata mteremko huo bila kuinua sakafu yote, mafundi walichimbua zege katika eneo la kuogea na kulishusha, kazi yenye vumbi na kelele ambayo mafundi wengine hukwepa kwa kumimina tuta dogo la sementi na kuliita la muda.

Jambo ambalo sikulijua kabla, na ambalo nawashukuru kwa kutueleza kwa subira, ni kwamba umbo la tundu la kutolea maji ndilo linaloamua umbo la sakafu. Tundu la duara likikaa katikati, sakafu lazima iinamie katikati kutoka pande zote nne, na kiti cha magurudumu kikisimama juu yake magurudumu hayawi sawa. Mfereji mrefu mwembamba uliowekwa kando ya ukuta huruhusu sakafu nzima iteremke upande mmoja tu kama ubao ulioinamishwa, na kiti hukaa imara. Tuliuchagua mfereji. Una kasoro yake: wavu wake wa chuma huficha nywele na mabaki ya sabuni, na usipofunguliwa na kusafishwa mara kwa mara maji hurudi nyuma. Wavu tuliopewa hunyanyuliwa kwa ndoano ndogo, na vidole vyenye baridi yabisi haviwezi kuitumia ndoano hiyo. Kwa hiyo usafi wa mfereji umekuwa kazi ya vijana wa nyumba.

Chini ya vigae walipaka utando wa kuzuia maji sakafuni na kuupandisha ukutani, kisha wakaziba mfereji, wakajaza maji na kuyaacha kwa saa 24 kabla ya kubandika kigae hata kimoja. Walitia alama ya usawa wa maji ukutani na kuturudisha siku iliyofuata tuikague wenyewe. Nasisitiza jambo hili kwa yeyote anayetafuta huduma kama hii: fundi anayekataa jaribio hilo mwache. Bafu lisilo na kizingiti halina kinga ya pili, na maji yakipenya chini ya vigae yatafanya uharibifu wake kimyakimya hadi siku sakafu itakapoanza kulia chini ya miguu.

Kuhusu utelezi, walituletea vigae vya aina kadhaa, na hapa ningeomba msomaji asihadaike na neno "havitelezi" lililoandikwa kwenye boksi. Vipo vipimo halisi. Wajerumani wana jaribio ambalo mtu hutembea peku juu ya ubao uliofunikwa vigae vilivyomwagiwa maji ya sabuni, na ubao huinuliwa polepole hadi atakapoanza kuteleza. Kigae kinachomshikilia mtu hadi nyuzi 12 hupewa daraja la A, nyuzi 18 daraja la B, na nyuzi 24 daraja la C. Kwa eneo la kuogea ulizia B au zaidi, kwa sababu hicho ni kipimo cha mguu mtupu wenye sabuni, na huo ndio mguu utakaosimama pale. Sisi tulichukua vigae vidogo vya sentimita 5 kwa 5 visivyong'aa. Wingi wa viungo kati ya kigae na kigae huongeza mshiko, na ukipitisha kidole gumba juu yake huku kimelowa unaisikia tofauti: kwenye kigae kikubwa kidole huteleza moja kwa moja, kwenye hivi hukwama kila kinapofika ukingoni. Gharama yake ni usafi, maana viungo vingi ni nyumba nzuri ya ukungu, na bafu lisilopitisha hewa vizuri litakulazimisha kusugua kila wakati.

Ukuta nao una siri yake. Chuma cha kushikilia kinachofungwa kwenye kigae kwa skrubu fupi na plagi za plastiki kinaweza kumhadaa mtu kwa muda mrefu, kwa sababu kinashikilia vizuri kila siku isipokuwa ile siku moja ambayo mtu ameteleza na uzito wake wote umeanguka juu yake ghafla. Viwango vya Marekani nilivyovitaja vinataka chuma na vifungio vyake vihimili nguvu ya paundi 250, yaani takriban uzito wa kilo 113. Kwenye ukuta wa matofali yenye matundu au wa mbao zenye uwazi ndani, nguvu hiyo haipatikani kwa plagi. Mafundi walivua upande mmoja wa ukuta wa ndani na kuweka plaiwudi yenye unene wa milimita 18 kutoka karibu na sakafu hadi juu ya kichwa cha mtu aliyesimama, si pale tu vyuma vilipokusudiwa kukaa. Walipomaliza walipiga picha za ukuta ukiwa wazi, wakishikilia futi ya kupimia ndani ya kila picha, na kutukabidhi. Kwa hiyo hata mahitaji yakibadilika, mtoto akirefuka au mtu mwingine akiugua, chuma kipya kinaweza kufungwa popote bila kubomoa chochote. Hilo pekee linatosha kuifanya huduma hii istahili kupendekezwa.

Vyuma vyenyewe vina kipenyo cha sentimita 3.5, na kati ya chuma na ukuta kuna nafasi ya sentimita 3.8. Nafasi hiyo ina maana yake. Vifundo vya vidole hupita bila kuchubuka, lakini mkono hauwezi kuzama hadi kwenye kiwiko na kunasa wakati mtu anaanguka. Kando ya choo walifunga cha mlalo, cha kujisukumia wakati wa kuinuka, na mahali pa kuingilia eneo la kuogea wakafunga cha wima, cha kujishikiza wakati wa kugeuka. Walipopendekeza kimoja cha mshazari nilikikataa, kwa kuwa kiganja chenye sabuni huteremka juu yake. Jambo lililonifurahisha kuliko yote ni kwamba hata kitundikio cha taulo walikitengeneza kwa chuma kile kile na vifungio vile vile. Anayeanguka hachagui cha kudaka, na kitundikio chepesi kilicho karibu na mkono wake kitang'oka naye.

Vipo pia vishikio vya mpira vinavyonata ukutani kwa kunyonya, vinavyouzwa kama mbadala rahisi. Havifai kubeba uzito wa mtu. Mpira wake hulegea kigae kikiwa na kiungo kilichopinda, kikiwa na utelezi wa sabuni au joto likibadilika, wala hautoi ishara kabla ya kuachia. Sitaki kuviona katika nyumba yenye mzee.

Choo cha kukaa ndicho kilicholeta mvutano mkubwa zaidi, kwa sababu hakuna kimo kimoja kinachompendeza kila mtu. Viwango hutaja kati ya sentimita 43 na 48.5 hadi juu ya kiti. Bibi alitaka kirefu, kwani anayeketi chini hulazimika kutumia magoti kuinuka. Ndugu yetu alitaka kilingane na kimo cha kiti chake ili ahamie kwa kuteleza badala ya kujinyanyua. Watoto walitaka kifupi ili miguu ifike chini. Tulikubaliana sentimita 46, tukaongeza kiti kidogo cha kukanyagia chenye miguu ya mpira kwa ajili ya watoto. Kasoro ni kwamba kiti hicho huachwa katikati ya njia na kuwa kikwazo kwa bibi asiyeona vizuri. Kampuni ingebuni sehemu ya kukisukumia chini ya kabati badala ya kutuachia sisi. Upande wa kushoto wa choo umeachwa wazi kabisa kwa ajili ya kiti cha magurudumu, na chuma cha upande huo hukunjwa juu. Kitufe cha kuvutia maji kiko upande huo huo, ukutani, kinafikiwa bila kujipinda kiuno, na bomba la mkono la kujisafishia lipo pale pale.

Katika maji ya moto kampuni ilifanya kazi isiyo na dosari. Tangi la maji moto linashauriwa litunzwe kwenye nyuzi 60 za Selsiasi ili bakteria wa Legionella wasizaliane, lakini maji ya joto hilo humuunguza mtu mzima vibaya ndani ya takriban sekunde 5, na ngozi ya mtoto au mzee haihitaji hata muda huo. Suluhisho ni vali inayochanganya maji na kuyadhibiti kabla hayajafika bombani. Yetu imefungwa isipite nyuzi 43, na maji baridi yakikatika ghafla nayo hukata yale ya moto. Mpini wake uko karibu na mahali pa kuingilia, hivyo mtu huyafungua na kuyapima kwa mkono kabla hajaingia chini yake. Ni mpini mrefu unaosukumwa hata kwa kiwiko, si kile kishikio cha duara kinachohitaji kukazwa kwa vidole.

Mlango haukunisumbua sana. Unafunguka kwa nje, na hilo ni la lazima, kwani aliyeanguka nyuma ya mlango unaofunguka ndani huuzuia kwa mwili wake na wanaotaka kumsaidia hubaki nje. Uwazi wake ni sentimita 85, zaidi ya 81.5 zinazotajwa kama kima cha chini, na kufuli yake inaweza kufunguliwa kutoka nje kwa sarafu. Ndani ipo nafasi ya mduara wa mita 1.5 ya kugeuzia kiti, ingawa ilipatikana kwa kuondoa beseni la kulala la kuogea, jambo ambalo watoto hawajalisamehe.

Rangi na taa zimefikiriwa vizuri. Choo cheupe mbele ya ukuta mweupe hupotea machoni pa mtu mwenye uoni hafifu, kwa hiyo ukuta wa nyuma ni wa bluu iliyokoza, na vyuma ni vya rangi nyeusi juu ya vigae vya krimu. Taa ndogo ya chini huwaka yenyewe mtu akiingia usiku, bila kumchoma macho.

Penye upungufu mkubwa ni kwenye sinki la kunawia. Kimo chake ni sahihi, sentimita 84, na magoti ya aliyeketi hupita chini yake bila kugusa. Mabomba ya chini wameyafunika ili yasimuunguze mtu ambaye miguu yake haihisi joto. Lakini kioo wamekitundika sentimita 120 kutoka sakafuni, kimo cha mtu mzima aliyesimama, wakati ukingo wake wa chini haupaswi kuzidi sentimita 101.5. Ndugu yetu anajiona paji la uso tu, na watoto hawajioni kabisa. Tulipolalamika tulijibiwa kwamba kioo huhesabiwa kuwa pambo. Kunyoa ndevu na kukagua jeraha usoni si mapambo. Kioo kirefu kinachoanzia juu kidogo ya sinki kingemtosha kila mtu wa nyumba bila kumpunguzia yeyote chochote, na tumewaandikia tukiwataka wakibadilishe kama sehemu ya kazi waliyoahidi.

Kwa nani naipendekeza huduma hii? Kwa anayejenga upya au anayebomoa bafu kwa sababu nyingine yoyote, bila kusita, kwa kuwa kuimarisha ukuta na kurekebisha mteremko wakati vigae vimeshatolewa ni nyongeza ndogo ya kazi. Kwa mpangaji asiyeruhusiwa kugusa sakafu haifai, na kampuni ilikuwa na uungwana wa kusema hivyo yenyewe ilipoulizwa na jirani. Ilimshauri aanze na kiti imara cha kuogea chenye miguu ya mpira, vyuma vilivyofungwa kwenye ukuta wa tofali zito kwa ruhusa ya mwenye nyumba, vali ya kudhibiti joto, na mlango ugeuzwe bawaba ufunguke nje. Atakayewaita awape vipimo vya watu wake wote, ahakikishe kila mmoja wao yupo siku ya ukaguzi na anasemeshwa mwenyewe, na adai kioo kiandikwe kwenye mkataba pamoja na sinki.